Nne Nukta Nne

Nimeandika kwenye daftari la hesabu la Bugumba,
kurasa za nyuma, ambako sehemu na desimali hazijamfikisha:
saa sita na robo usiku, nne nukta tatu, inashika.
Saa saba kasoro robo, nne nukta nne,
imekufa dakika ya kumi na moja.

Imekufa bila kishindo.
Ngoma ikivuma sana, tunaambiwa, i karibu kupasuka.
Hii haikuvuma. Ilinyamaza katikati ya neno,
skrini ikawa bluu, bluu isiyo ya ziwa wala ya anga,
bluu ya mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Nikaanza na joto, mshukiwa wa kila siku.
Nikafungua ubavu wa boksi. Pezi za alumini zimejaa vijidudu vya ziwa,
wale wa wiki iliyopita, walioinuka kama moshi upande wa Saanane,
wakaingia Mabatini bila hodi, wakafia humu.
Nikawachokonoa kwa mswaki wa zamani wa Nyanzala.
Nikafuta dawa kuukuu, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele
(fundi wa Makoroboi hupaka kama siagi; simtaji jina).
Nikaelekeza feni ya mezani. Nyuzi sitini na nane.
Sitini na nane! Chai ya Nyanzala ni moto kuliko hiyo.
Dakika ya kumi na moja: bluu.

Basi si joto.

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja;
hilo nililipia ada, ubao mzima uliungua.
Nikashusha rami hadi mwendo wake wa dukani. Bluu.
Nikafunga pawa saplai niliyoazima kwa Lushinge, nzito kama jiwe la kusagia. Bluu.
Nikaongeza volti, chembe, chembe tena,
kama anayetia chumvi mboga ya mgeni.
Dakika ya kumi na nne. Ya kumi na tisa. Moyo ukapanda,
na joto nalo likapanda, themanini na nane, tisini na tano,
mashine ikajipunguza yenyewe kimyakimya,
usoni ikinionyesha nne nukta nne
huku ikitembea tatu nukta sita.
Nimewahi kuajiriwa. Naijua mbinu hiyo.

Prosesa ya Lushinge ni ndugu wa hii.
Tulizinunua siku moja, duka moja, namba za boksi zikifuatana.
Yake inakwenda nne nukta saba na inapumua.
Nikampigia saa nane. Hakuwa amelala.
Umeweka volti ngapi?
Akanitajia. Ni chini ya zangu.
Akakohoa. Akasema, "Mchanga ni mmoja, bwana, lakini chembe ni chembe."

Mwashi aliyejenga nyumba hii alikuta jiwe
mahali pa chumba changu. Alilipiga siku mbili,
patasi tatu zikaisha makali,
siku ya tatu akanywa uji, akajenga ukuta kulizunguka.
Ndiyo maana chumba kina kona tano.
Ndilo hilo ninaloegemeza kisogo sasa. Lina baridi nzuri.

Saa tisa na dakika arobaini. Nne nukta mbili tano,
volti nimezirudisha, aibu nimeimeza.
Dakika ya kumi na moja ikapita, sikuitazama usoni.
Ya ishirini. Saa nzima.
Kwenye skrini harusi ya Igoma inajipanga picha kwa picha,
shangazi wa bwana harusi anainua kitenge, anakwama,
anakishusha. Mteja anaitaka Jumamosi.
Uniti za umeme zimebaki sita.

Nimebandika plasta kwenye boksi, nimeandika kwa kalamu ya Bugumba:
4.25. USIGUSE.

Asubuhi atauliza nani kafanya hesabu kwenye daftari lake,
na mbona karibu zote zimepigwa mkasi.