Ukurasa wa Arobaini na Moja

Filamu ya kwanza iliishia na kiatu changu
juu ya vidole vya Opolot.
Ananing'inia ukingoni mwa Wanale,
joho lake la buluu likipigwa na feni
tuliyoazima kanisani,
chini yake mawingu, na chini ya mawingu
magodoro mawili ambayo kamera haikuyaona.
Kisha giza. Kisha neno moja: ITAENDELEA.

Haikuendelea.

Kuloba alikwisha kuiandika sehemu ya pili
katika daftari la kurasa tisini na sita,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Niliisoma usiku mmoja kwa tochi ya simu.
Ukurasa wa arobaini na moja, mimi, Jenerali Kutu,
niliyekausha visima vyote vya Mbale,
nainua kiatu.
Nainama.
Natoa mkono.
"Nilikuwa na mdogo wangu," nasema, "alikufa kwa kiu."
Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi bafuni miezi minane,
nikitafuta mahali pa kuvuta pumzi.
Baada ya "mdogo wangu", nadhani.

Hajji Mugoya wa saruji alituahidi milioni sita.
Alhamisi moja akatuma ujumbe:
*Biashara ngumu. Tuachane na mambo ya watu kupaa.*
Wiki hiyohiyo umeme ulikatika, ukarudi na hasira,
ukapita ndani ya kompyuta kama panga.
Kuloba akauza kamera, mama yake akafanyiwa upasuaji,
akapona, anapalilia vitunguu vyake hadi leo.
Nani atamlaumu?
Mimi nimejaribu. Nimeshindwa.

Na kile kitambaa cha kijani, mita ishirini,
ambacho kingegeuzwa anga, radi, mji unaoungua,
Nandudu alikikata akashona sketi za shule.
Kila asubuhi, saa moja na nusu,
naiona mbingu yetu ikivuka barabara ya Kumi
imebeba uji kwenye chupa.

Kazi yangu sasa ni kusoma mita za maji.
Ndiyo, cheka. Kuloba alicheka mpaka akakaa chini.
Nabisha geti kwa geti, Namakwekwe hadi Nkoma,
na kabla mbwa hajabweka, watoto wamekwisha kubweka:
"Kutu! Kutu! Fungeni mifereji!"
Mama mmoja alinilipa bili palepale,
mkono ukimtetemeka,
na bili haikuwa yake.

Ninawaambia: mimi si mbaya, nimekatizwa tu.
Wananiuliza: sehemu ya pili inatoka lini?

Juzi, nyuma ya nyumba ya mwalimu Khaukha,
nilimkuta kijana mdogo ananing'inia ukutani,
mapera mfukoni, miguu ikitafuta tofali.
Nikaweka kitabu cha mita chini.
Moyo ulinienda mbio kama siku ya kurekodi.
Nikainama. Nikatoa mkono.
"Nilikuwa na mdogo wangu," nikaanza,
nikavuta pumzi pale pale nilipopapanga.
Akaniangalia usoni, akanijua,
akaachia ukuta.

Ilikuwa nusu mita. Alitua, akakimbia,
akaacha pera moja lenye alama za meno.
Nililila. Halikuwa limeiva.

Usiku nilimpigia Opolot huko Sharja,
anakolinda mlango wa duka la manukato
saa kumi na mbili kwa siku, wima, bila joho.
Nyuma yake nilisikia lifti ikihesabu ghorofa.
Nikamsimulia ya kijana na pera.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.
Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya filamu,
ile tuliyoitia mwangwi kwa pipa tupu:
"Jenerali.
Mwaka wa nne huu.
Vidole vinauma."