Waya wa Ardhi

Likifika kwa fundi halina ugonjwa.
Linanguruma kwa adabu, moshi wake mwembamba,
na Murtaz anafuta mikono kwa gazeti:
"Eteri, gari zima hili. Labda ni wewe."

Namlipa lari kumi za kunisikiliza,
nateremka kwenda Oni, jibini zangu nyuma,
na kwenye kona ya Utsera, ile ya kushoto,
Niva ya baba inakata roho.
Haikohoi. Haiagi.
Taa za dashibodi zinafifia, mto Rioni unaanza kusikika.
Nahesabu hadi arobaini, nageuza ufunguo,
inawaka, kana kwamba mimi ndiye niliyesinzia.

Nikanunua daftari la shule.
Machi 3: mvua, kona, ikazima.
Machi 5: mvua, kona ile ile, haikuzima.
Machi 9: jua kali, imesimama tu sokoni, ikazima
mbele ya muuza asali.
Machi 11: hakuna kitu.
Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Kila mwanamume wa kijijini ana jibu.
Badili koili. Nikabadili.
Badili platini, badili plagi zote nne.
Shota, aliyewahi kuendesha lori jeshini,
akasema ni petroli ya siku hizi, haina imani.
Nilibadili hadi mfuko ukabadilika,
na ugonjwa wa zamani umeketi pale pale,
umezungukwa na vipuri vipya kama bibi harusi.

Usiku mmoja nikazima taa ya banda,
nikanyunyizia nyaya za plagi maji
kwa chupa ya mama ya maua,
nikingoja cheche ya bluu itoroke.
Giza likabaki giza.
Nikatikisa waya mmoja mmoja, injini ikiwa hai,
kama anayebonyeza tumbo la mtoto:
hapa? Na hapa je?
Ikanijibu kwa kunguruma tu.

Kisha jambo dogo.
Niliwasha taa kubwa, mshale wa joto ukaruka.
Taa na joto, wana undugu gani?
Nikazima: ukashuka. Nikawasha: ukaruka.
Nikapiga stata kwa muda mrefu, nikagusa kebo ya choki,
ikaniunguza vidole.

Kazi ya kebo ya choki ni kuvuta kijibati cha kabureta,
si kubeba umeme. Lakini umeme
ukifungiwa mlango wake hupita uani kwa jirani.

Nikalala chali chini ya Niva, tochi mdomoni.
Huko, kati ya injini na bodi, waya wa ardhi,
mnene kama kidole gumba, umezungushiwa utepe mweusi.
Mkono wa baba: mizunguko imebanana,
ncha imekunjwa kijipembe
ili atakayekuja apate pa kushika.
Nikashika. Nikafungua.
Shaba ilishakuwa unga wa kijani.
Nyuzi tatu zilikuwa bado kazini.
Injini ikiegemea konani, zinaachia;
ikitulia, zinagusana,
na kila mtu anasema gari zima.

Mficha maradhi, wanasema.
Baba alificha yake miaka miwili chini ya sweta la sufi.
Kifua kilimkata kwenye ngazi za ghala,
kwenye theluji, akibeba kuni;
kamwe si mbele ya daktari wa Ambrolauri,
ambaye alimpima, akampigapiga begani,
wakanywa kikombe kimoja.
Nilicheka kule chini, mafuta yakinidondokea shingoni.
Kisha sikucheka.

Waya mpya, lari kumi na nne.
Nikasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa,
nikakaza nati, nikapaka grisi.
Utepe wake nimeubandika kwenye daftari,
Aprili 2, bila maelezo.

Leo ni siku ya ishirini na sita na haijazima.
Murtaz anasema imepona.
Mimi neno hilo silitumii.
Kila asubuhi nikikaribia kona ya Utsera
nazima redio, nalegeza mguu kidogo,
nasikiliza.