Kabla Hujaenda kwa Mtendaji

Ndahani, kabla hujaenda kwa mtendaji,
pindua hiyo ndoo, keti, unisikilize.
Ni kweli. Mashina yako nimeyakata mimi.
Panga ni hili, hakuna haja ya kulitafuta.

Ulipoondoka na mkeo kwenda Dodoma, jicho likatibiwe,
ukungu ulikuwa umeilalia Wotta
hata watu wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.
(Watu wengine. Mimi nawe hatujasalimiana
tangu ugomvi wa mfereji.)
Siku nne manyunyu, siku nne hatukuona jua.
Ya tano nikaliona doa,
tuta lako la tatu, upande wa magugu:
jani limelowa rangi ya kijivu
kama lililomwagiwa chai ya moto.

Sikukurupuka. Nilipiga goti, nikaligeuza.
Bakajani tangulia naijua: ina duara ndani ya duara
kama kisiki kilichokatwa kwa msumeno,
ni kavu, huanza na majani yaliyozeeka, ina subira.
Hii haikuwa na duara wala subira.
Chini ya jani palikuwa na unga mweupe,
mwembamba kama pumzi juu ya kioo;
jua likipanda hutoweka, ukadhani umeota.
Shina limefungwa mkanda mweusi.
Na harufu, Ndahani,
harufu ya mboga iliyosahauliwa sufuriani siku ya msiba.

Bakajani chelewa. Jina linadanganya.
Ikifika haichelewi.

Nilikupigia simu mara saba.
Mara saba yule dada akaniambia hupatikani.
Shamba lako liko juu ya langu.
Maji yako hayanifikii, hilo tumelisema sana,
lakini ugonjwa hauna koki.
Na chini yangu yuko Sechelela na vijaruba vyake viwili
alivyokodi kwa hela ya kuuza mbuzi.

Nilianza na kwangu. Hilo mtendaji aliandike: kwangu kwanza.
Matuta sita, viazi ukubwa wa yai la kware.
Nilikata huku nikitukana, sitasema nilimtukana nani.
Kisha nikapanda kwako.

Nilikata usawa wa udongo, sikuburuta.
Nilibeba kwa turubai la harusi ya mwanangu.
Kuchoma kulishindikana, majani mabichi yalifuka tu hadi jioni,
basi nikachimba shimo la kina cha mkono mzima,
mbali na mfereji, nikayafukia.
Panga nikaliosha kwa sabuni, viatu pia.
Halafu nikayapandishia udongo matuta yako yote,
mvua isije ikakiteremsha kilichobaki juu
hadi kwenye kiazi.
Mgongo wangu hadi leo unakudai.

Sasa usichimbe. Najua unataka.
Siku kumi na nne, ganda likaze.
Uchimbe siku kavu.
Kiazi chenye kutu ndani usikiingize ghalani
hata kama ni kimoja, hata kama kinakuonea haya.
Wala usikitupe nyuma ya choo!
Mwaka jana ulitupa, vikaota vyenyewe,
ukatembea kijiji kizima ukisema Mungu kakupa bure.
Huenda ndipo ilipolala, ikingoja mvua.
Sisemi ili kukulaumu.
Nasema kidogo.

Msimu ujao tununue mbegu pamoja, iliyokaguliwa,
tuache nafasi upepo upite katikati ya mistari,
na dawa tupulize kabla ya doa, siyo baada.
Dawa ni ukuta, Ndahani. Siyo mganga.

Mkeo je? Wamemfungua bandeji?
Mwambie asishtuke akiona udongo mtupu,
jicho lake ni zima,
ni mimi.

Haya. Ofisi haifunguliwi kabla ya saa tatu.
Chimbua kimoja, hapo pembeni, kimoja tu.
Shamba ni lako, najua.
Kisu ninacho. Tukipasue
tuone.