Dirisha la Tatu

Kazi yangu ni kuandika majina.
Hospitali ya Malindi, dirisha la tatu.
Kioo kina tundu la ukubwa wa kisahani
na kila ajaye huliinamia tundu kwanza
kabla hajanisalimu mimi.

Wa mapema ni kijana wa bodaboda,
goti limechubuka mpaka pameonekana peupe.
"Niaje, siz?"
"Poa."
Poa, na damu yadondoka sakafuni.
Salamu yake ni shilingi moja: hainunui kitu,
ila usipomrudishia chenji umemdhulumu.

Bi Barke wa Shela yeye huanzia mbali.
"Sabalkheri. U mzima? Wa nyumbani wazima?
Na mama?"
Mama tulimzika Rajabu. Bi Barke alikesha nasi matangani,
alikuna nazi za wali wa hitima.
Ulimi umepita njia iliyoizoea,
na mkono umechelewa kuuziba mdomo.
"Hajambo," nikamwambia, kumsitiri.

Mzee Mwitaliano wa Kasuarina, mwenye presha:
"Chao," akija.
"Chao," akiondoka.
Mwaka wa sita huu, sijui kama yuaja ama yuaenda.
Labda naye hajui.

Fowzia muuza vitenge haulizi habari.
Habari ni nyingi, na kwao nyingine hazisimuliki.
Yeye huuliza moja tu: "Nabad?"
Ni amani?
Amani, namjibu, nikageuka kutazama mlango.

Waliobaki ni sisi, wa habari-nzuri.
Habari? Nzuri.
Nzuri, ila natapika usiku.
Nzuri, ila mtoto hajanyonya tangu juzi.
Nimejifunza kuishika kalamu
nisiandike lolote mpaka nisikie *ila*.
Maradhi yote ya pwani hii
yamejibanza nyuma ya neno hilo.

Mwezi wa tatu ikabandikwa karatasi, ina muhuri:
MGONJWA AELEZE SHIDA MOJA KWA MOJA.
DAKIKA MBILI.

Siku hiyo hiyo akaja Hawe Nyevu, kutoka Ganda,
mguu umefungwa kwa kipande cha leso.
"Shida?" nikamwuliza, kama karatasi itakavyo.
Akanitazama.
Nyuma yake mtu akakohoa, mwingine akafyonza.
"Shida ni gani, hawe?"
"Shida gani," akasema, "nami sijafika?"

Amesimama mbele yangu, pumzi yake yatia ukungu kioo,
na hajafika.

"Mwalamukadze?" nikamwambia.
Kigiriama changu ni cha sokoni, kimevunjika kati,
lakini kilitosha kumfungulia mlango.
Akaanza kuja.
Akaja na mvua iliyopiga radi tu ikaondoka,
na mbuzi wawili, mmoja chongo,
na mjukuu aliyerudishwa kwa karo,
na jirani anayesogeza mpaka usiku kwa jembe,
na kila alipotua, yule mwanamume wa nyuma yake,
asiyemjua, aliyekuwa akifyonza,
akamwitikia.
Dakika saba.
Ndipo akafika mguuni.

Ile karatasi sikuibandua. Nina watoto.
Niliweka kalenda mbele yake.

Basi nikarudi nyumbani nikavua viatu,
na nyumbani kwangu ni siku ya kumi na moja
mimi na Shekuwe hatusemezani.
Sababu ni friji ya dada yake. Sitaki kuieleza.
Vijiko ndivyo vinavyosema. Chenji ya mkate yawekwa mezani
kama mtu alipaye kodi.
Mimi niliyemjibu Mwitaliano kwa Kiitaliano
sikumwambia mume wangu hata umelalaje.

Magharibi imepita nikasikia ufunguo wake ukilia mlangoni.
Ukalia, ukanyamaza. Haukuingia.
"Hodi," akasema.
Nyumba yake mwenyewe.
Nikasimama jikoni, mwiko mkononi.
"Hodi."
Ada ni tatu. Ya tatu isipojibiwa
mgeni hurudi alikotoka, wala halaumiwi mtu.
Mchuzi ukatokota. Nikapunguza moto
nisikie vizuri.

"Hodi."

"Nani?" nikauliza.