Noti Iliyochanika

Mvua ya Bukavu haibishi hodi.
Imeteremka Kadutu na matope yake mekundu,
imeingia mlangoni petu kama mdai,
nasi tumeinua miguu, tumeendelea kushona.

Sisi tuko tisa. Leo nane.
Cherehani ni tatu, na moja huugua:
ukiipa kitenge kizito inakohoa,
inatafuna uzi, inasimama.
Nabintu huipiga kofi dogo la ubavuni:
"Wee, hata mimi niliambiwa sitavuka Pasaka."
Inaendelea.

Mimi ndimi mweka hazina.
Daftari langu lina doa la mawese
na kila mmoja ana ukurasa wake.
Cibalonza, mikoba kumi na minne.
Godeliva, vikapu vitano; kimoja kimerudishwa, mkono umelegea.
Nsimire, sifuri, amelazwa.
Lakini chini ya sifuri hiyo
mtu ameandika kwa kalamu nyingine: mikoba miwili.
Mwandiko huo naujua, wala sitausema.

Jana alikuja mnunuzi kutoka Nguba,
mama wa viatu vyeupe, anatafuta zawadi za harusi.
Akachagua mikoba sita. Akasifu mishono.
Akauliza, "Ninyi ni kikundi cha nini?"
Kimya kikapanda mezani kama paka.
Kisha Godeliva, bila kuinua macho:
"Cha kushona, mama."

Alilipa dola hamsini, noti moja.
Alipokwisha kwenda nikaiinua kwenye mwanga:
ukingoni, mchaniko,
mdogo kuliko ukucha wa mtoto.

Unaujua mji wetu.
Pale Nyawera wabadilishaji wa dola, juu ya viti vya plastiki,
waliishika kama daktari ashikavyo picha ya kifua.
"Hii ni mgonjwa, mama. Haitembei."
Wa pili akasema: "Nikuonee huruma, thelathini."
Nikarudi nayo.

Niliilaza mezani, wakaizunguka.
Wa kwanza kucheka alikuwa Cibalonza,
yeye aliyefukuzwa vyumba viwili vya kupanga,
yeye ambaye shemeji yake alimtengea kikombe
akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio
ili watoto wasikosee.
"Jamani," alisema, "mkaribisheni mwenzetu.
Kidonda kidogo hivi, na soko zima linajua."

Tulicheka hadi Nabintu akashika mbavu.
Lakini kicheko hakilipi karo,
na hamsini ni hamsini.

Nikafunga kanga kichwani, nikaenda Nguba kwa miguu.
Geti jeusi. Mbwa. Yeye mwenyewe, sasa peku.
"Nilikupa ikiwa nzima," akasema.
Sikubisha. Niliomba mkoba mmoja,
nikaugeuza ndani nje,
nikamwonyesha mshono uliopitiwa mara mbili
mahali ambapo hakuna mtu hutazama.
"Sisi hatukukupa kilichochanika."

Hapo simu yangu ikalia mfukoni.
Saa kumi na mbili kamili, kama kila jioni.
Ningeweza kusema ni mtoto, ni kanisa, ni deni.
Miaka saba nimesema ni mtoto.
"Ni saa ya dawa yangu," nikasema.

Akanitazama. Akatazama mkoba.
Aliingia ndani, akakawia,
mbwa na mimi tukabaki tunanyeshewa.

Alitoka na noti nyingine, na kikombe cha maji.
Nilikitazama kishikio kwanza, kwa mazoea.
Hakikuwa na uzi.
Nilimeza, nikamrudishia, nikashukuru.

Kilifanywa nini kikombe kile nilipogeuka, sijui.
Barabarani mvua ilikuwa imepungua.
Nimeandika kwenye daftari: hamsini, nzima.
Kesho tunanunua uzi.
Na Nsimire, amesema muuguzi,
anaomba tumpelekee sindano kitandani.