Zamu ya Maji

Saa kumi na moja alfajiri, Birkat al-Mauz.
Maktaba ina baridi ya mashine na harufu ya zulia.
Nafuta vioo vya kompyuta, kimoja kimoja,
glavu za njano, jina la kampuni mgongoni.
Kitambulisho kinasema: Elinipa, usafi.
Shahada ya kemia imelala kwenye begi chini ya kitanda,
haijapigwa mihuri mitatu,
na muhuri wa mwisho
ni mshahara wa miezi miwili.

Leo mtu ameacha ukurasa wazi:
floraidi katika visima vya Arumeru.
Nikasimama, dawa ya kioo ikichuruzika.
Maji hayo nayajua. Nimeyabeba.
Chupa sitini na mbili juu ya bodaboda,
posho elfu kumi kwa siku,
na profesa mgeni akiniita Eli
maana silabi nne zilimshinda.
Waandishi ni saba. Mimi simo.
Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo:
shukrani kwa wasaidizi wa nyanjani.
Kama vile chupa zilijijaza.

Bi Thuraiya wa zamu ya asubuhi akanikuta.
Kiswahili chake ni cha Tabora, cha mama yake.
Nilidhani nafukuzwa. Akavuta kiti.
"Humu ndani unasoma bure, mwanangu.
Ukivuka geti, dola thelathini na tisa,
saa ishirini na nne, kisha mlango unafungwa.
Na hiyo bure usiione bure:
mwaka juzi tulikata majarida mia mbili.
Hata sisi tumepanga."

Akanionyesha dirishani
falaji inavyoingia mitendeni.
Babu yake alikuwa na zamu humo,
nusu saa, kila siku ya nane.
Nusu saa hiyo wenyewe huiita *athar*.
Nikacheka peke yangu.
Kwetu athari ni kinachobaki jambo likishapita,
na jarida hili, juu ya ukurasa,
linajisifia athari yake kwa tarakimu na nukta.
"Lakini kule juu," akasema, "maji hayajagawanywa,
kunywa hakuna zamu.
Mpita njia hunywa. Mbuzi wa mtu.
Mwizi naye."

Jedwali la pili. Nikakitafuta kisima chetu.
Namba kumi na nne: salama.
Kumi na saba: si salama.
Nikarudia, kidole juu ya kioo
nilichokwisha kukifuta.
Wamevipishanisha.
Kumi na nne ndicho kilichompa kaka yangu
meno ya rangi ya chai;
kibandiko chake niliandika kwa mkono huu.
Na mwaka jana, kwa kuamini jedwali,
wameweka pampu pale.

Kipo kisanduku cha masahihisho.
Kinauliza kwa Kiingereza, kwa adabu sana:
jina, cheo, taasisi, barua pepe ya taasisi.
Jina nikajaza.
Kwenye cheo nikakitazama kitambulisho.
"Weka anwani yangu," akasema Bi Thuraiya.
"Watajibu?"
"Labda. Mwakani."

Nikavua glavu moja, nikatuma sauti nyumbani:
Kaka Anaeli, watoto wachote kwa akina Nnko, bondeni.
Cha pampu, hapana.
Usiniulize imeandikwa wapi.
Imeandikwa kinyume.