Senti Iliyobaki

Hakimu Lindqvist aliteleza barazani kwake,
barafu ikamla nyonga, Januari tarehe tisa,
na Kaunti ya Haldane, huku Montana, ikaamka haina hakimu.
Sheria haingoji mfupa uunge.
Basi tukaazima.

Aliyeazimwa ni Ardith Kvamme,
miaka thelathini posta, akipanga barua za watu bila kuzisoma,
sasa ana cheti cha ukaimu katika bahasha ya plastiki
na chupa ya kahawa katikati ya magoti.
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa jembe mlangoni,
hata koti hajavua.

Mimi ni karani wa hazina.
Jina langu halimo katika hukumu yoyote,
lakini hakuna hukumu isiyopita mezani kwangu
ikiwa imevaa tarakimu.
Siku nzima ya kaimu: dola mia mbili na arobaini.
Nusu siku: nusu yake.
Maili mia na themanini na nne, kwenda na kurudi,
senti hamsini kwa maili.
Chakula, juu yake mwenyewe.
Kaunti hulipa theluthi mbili, mji wa Tamarack Fork theluthi moja,
kama walivyoandikiana mwaka ule wa mafuriko
kila upande ulipolihitaji daraja la mwenzake.

Jumanne ya theluji kubwa
orodha ilikuwa na kesi kumi na nne.
Aliyekuja ni mmoja.
Wade Zupancic, miaka kumi na tisa,
faini ya dola sitini kwa lori la taa moja,
na kwa kuwa lori lilikuwa limezuiwa
alikuja kwa miguu, maili sita,
nyusi zake nyeupe kama za babu.

Ardith alimtazama viatu.
Akauliza taa mpya ni bei gani.
Akasema: nenda ukainunue, uniletee stakabadhi,
faini nimeifuta.
Dakika kumi na moja, nilizihesabu kwa saa ya ukutani.
Kisha akaketi mpaka saa kumi na moja jioni
akiwasubiri wale kumi na watatu,
akinyanyua kichwa kila upepo ulipogusa kitasa.

Barazani kwa madiwani, Merle Staudinger alisimama na kalamu yake nyekundu:
"Mia tatu thelathini na mbili
ili tusamehe sitini!
Mlipeni nusu siku. Hata nusu ni sadaka.
Kungoja nako ni kazi?"

Mimi huwa sisemi. Huitwa kusoma jumla, nikaketi.
Siku hiyo nikasema:
"Mheshimiwa, posho yako ya kikao
tuikate kwa dakika unazozungumza?"
Mtu akacheka kule nyuma, karibu na hita.
Kura nne kwa tatu. Siku nzima.

Usiku nikagawa.
Kaunti, mia mbili ishirini na moja na senti thelathini na tatu.
Mji, mia na kumi na senti sitini na sita.
Jumlisha.
Inabaki senti moja.

Nikapiga simu kaunti: ni ya mji.
Nikapiga simu mjini: ni ya kaunti.
Walikuwa na hakika, wote wawili,
kwa sauti ya watu waliokwisha kuvaa koti.
Theluthi haina huruma, humung'unya mpaka mwisho
na mfupa inakuachia wewe.

Nikaitoa katika kopo la vifungo vya mama,
nyekundu, uso umefutika,
nikaiandikia safu ya tatu isiyo na kichwa.
Hundi ikaondoka Alhamisi
kupitia posta ileile ya Ardith.

Lindqvist atarudi Aprili, kwa mkongojo.
Stakabadhi ya taa ilifika, ina alama ya kidole cha grisi.
Ile safu
sijaifuta. Mkaguzi akija,
na aulize.